Tango si lile la kachumbari, na dada yule hakuwa na maringo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita. Alilalamika kwamba alikuja kwenye usiku wetu wa tango hapa Arusha, akalipa kiingilio chake Sh5,000, akamwomba dada mmoja wacheze, dada akamwambia amechoka, na muda si muda akamwona dada huyohuyo yuko ukumbini na mwanaume mwingine. Akamalizia kwamba sisi ni watu wa maringo, tunacheza ngoma ya wazungu na tunachagua wenye nazo.

Nilikuwepo. Nilikaa meza ya pili kutoka mlangoni, chini ya lile feni linalonguruma bila kuzunguka. Hilo la wenye nazo tuliweke pembeni mapema. Mimi ni fundi viatu, nina kibanda cha mabati karibu na soko la Kilombero, na kwenye tango nakwenda na bajaji ya kuchangia.

Nilivyoingia huko ni kwa njia ya soli. Miaka 6 iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea viatu vya kisigino kirefu, vyenye kamba ya kufunga kifundoni. Soli ilikuwa ya mpira, nzima kabisa, haina hata mchubuko. Akataka niing'oe nibandike ngozi, tena upande wa nyama, ule ulio laini kama mahameli, ndio uguse chini. Nikamwambia, "Mwalimu, kwa vumbi letu hili hii haimalizi mwezi." Akasema hatembei navyo barabarani. Wiki iliyofuata akaja mwenzake na ombi hilohilo, halafu mwanaume mwenye viatu vyeusi vya kamba. Kazi ya aina moja ikikujia mara tatu, unauliza. Wakanialika.

Nyumbani nilipomwambia Mama Neema kwamba Jumamosi naenda kwenye tango, aliniambia nikirudi nipitie na nyanya na kitunguu. Mara ya tatu nilipochelewa kurudi hakutania tena. Wiki iliyofuata akavaa kitenge chake kizuri tukaenda wote. Alikaa saa nzima na soda yake, kimya, akitazama watu waliokumbatiana kifua kwa kifua. Nilijiandaa kwa lolote. Tulipopanda bajaji akasema, "Kumbe mnatembea tu."

Hakuna mwalimu aliyenieleza tango vizuri kuliko hapo. Miezi 2 ya kwanza tulifundishwa kutembea: mbele, nyuma, kusimama, kuhamishia uzito wote mguu mmoja kabla hujauomba mwingine uende. Mimi ninayejua kiatu cha kila mtu huanza kuliwa upande gani nilidhani kutembea nakujua.

Kuhusu ngoma ya wazungu nitasema kidogo. Tango lilizaliwa pande zote mbili za mto Río de la Plata, katika miji ya Buenos Aires, Argentina, na Montevideo, Uruguay, mwishoni mwa karne ya 19, tena kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini. Humo walikuwamo wahamiaji walioshuka kwenye meli kutoka Ulaya, vibarua waliotoka mashambani, na wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Hao wajukuu walikuwa na ngoma yao, kandombe, nayo ikachangia kulizaa tango. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza tango kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, likiombewa na Argentina na Uruguay kwa pamoja, na mwaka huohuo ikaiingiza na kandombe ya Uruguay. Mmoja wa watunzi wa mwanzo kabisa, mpiga piano Rosendo Mendizábal, alikuwa mtu mweusi. Mwingine wa asili ya Afrika, Horacio Salgán, naye wa piano, alifariki 2016 akiwa na miaka 100. Na kile kinanda cha kukunjua kwa mikono kinacholia kama mtu aliyezuiwa kulia, bandoneoni, kilitoka Ujerumani. Sasa mwenye ngoma hapo ni nani, msomaji atanisaidia.

Lililonifanya nishike kalamu ni lile la kuomba.

Nimekulia Moshi, Pasua, na ujanani nimecheza sana dansi, hasa bendi za Dar zilipopanda kwetu. Adabu tuliyofundishwa na kaka zetu ilikuwa hivi: ukiona mwanamke amekaa na mwanaume, unakwenda kwa yule mwanaume, unainama kidogo, "Kaka, naomba nicheze na shemeji." Kaka akikubali, shemeji anainuka. Sikumbuki hata mara moja shemeji akiulizwa. Tulijiona waungwana kweli, kumbe tulikuwa tunaazimana mtu kama watu wanavyoazimana kiti. Aliyekaa peke yake ndiye aliyepata tabu zaidi, maana huyo alivutwa mkono tu. Kwenye harusi zetu za leo ni yaleyale, ila sasa yupo na MC wa kutangaza kwa kipaza sauti kwamba dada wa gauni la bluu anaringa.

Kwenye tango unaomba kwa macho. Wenyewe wanaita kabeseo, kutokana na neno la Kihispania la kichwa. Umekaa ulipokaa, unatafuta macho ya unayetaka kucheza naye, hata akiwa ng'ambo ya ukumbi. Naye akitaka, anakutazama. Unatikisa kichwa kidogo, kama unavyomwitikia mtu uliyemwona upande wa pili wa barabara. Akitikisa na yeye, mmekubaliana. Unamwendea huku mnatazamana, na yeye hainuki mpaka ufike. Asipotaka, anatazama kwingine: mkoba, simu, feni. Imeisha. Hakuna aliyesikia, wewe hujaaibika, naye hajalazimika kutunga sababu. Huko Buenos Aires, kwenye kumbi zinazofuata mila ya zamani, wanaume hukalishwa upande wao na wanawake wao, macho yakutane kwa urahisi.

Kwangu ilikuwa adhabu. Nimelelewa kwamba kumkazia macho mwanamke wa watu ni kukosa adabu, na kazi hii ya miaka 30 imenizoesha kutazama chini. Wateja wangu nawajua kwa visigino. Yupo mama nimemtengenezea viatu toka 2009. Nilikutana naye kwenye foleni ya benki, akanisalimia, sikujua ni nani mpaka nilipoangalia chini. Basi hiyo miezi ya mwanzo nilikaa natazama miguu ya watu, hakuna aliyecheza na mimi, nikaanza kuwaza kama alivyowaza ndugu yetu wa barua: hawa wananibagua, wananiona fundi. Mwalimu wetu wa wakati ule, mama wa Kiargentina aliyekuwa hapa kwa ajili ya kazi ya mumewe, akanifuata na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Fundi, macho juu. Kiatu hakisemi ndiyo."

Nikainua macho, nikazua mengine. Jumamosi moja nilisahau miwani ya mbali, nikawa na ile ya kushonea. Nikamtikisia kichwa dada mmoja, wakainuka wawili: yeye, na bibi mmoja mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma yake. Ndiyo maana wanaambiwa wasiinuke mpaka ufike. Nikamwomba radhi dada, nikaanza na bibi kwa heshima ya umri, na dada nikacheza naye fungu lililofuata.

Nasema fungu kwa sababu nyimbo hazipigwi mojamoja. Zinapangwa 3 au 4 za okestra moja, hiyo ndiyo tanda, na ukikubali kucheza na mtu umekubali tanda nzima. Kati ya wimbo na wimbo mnasimama, mnasema mawili matatu, mnaendelea. Hapo ndipo nilipoponzwa na malezi mema. Sisi ukipewa chenji asante, ukipishwa mlangoni asante. Mara yangu ya kwanza kabisa kucheza usiku wa watu wote, nilicheza na yule mwalimu wa viatu vya ngozi. Wimbo wa kwanza ulipoisha nikamwambia kwa moyo wote, "Asante sana." Akanitazama, akasema "Haya," akaenda zake kukaa. Nikabaki katikati ya ukumbi kama mlingoti wa bendera. Kumbe kwenye tango asante maana yake imetosha. Unaisema mwisho wa tanda. Ukiitanguliza, umemfukuza mwenzako. Nilimpelekea soda ya kuomba msamaha, na mpaka leo kabla hatujaanza kucheza ananikumbusha nisishukuru.

Tanda ikiisha hupigwa kipande kifupi cha muziki usio tango, kortina, yaani pazia, ili kila mtu amsindikize mwenzake kwenye kiti na macho yaanze kutafuta upya. Kijana wetu wa muziki huweka bendi ya Simba Wanyika. Ana haki yake, waanzilishi wake, wale ndugu wa Kinyonga, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa hapahapa mjini wakipiga kama Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya. Tatizo ni kwamba gitaa lile likianza hakuna anayekwenda kukaa. Kortina ya nusu dakika inafika dakika 4, na wazee wa tango wananuna.

Najua wapo wanaosoma wakisubiri nifike kwenye kukumbatiana. Mteja wangu mmoja, mzee wa kanisa, aliniuliza waziwazi. Nilimjibu kwamba katika miaka yote hii sijaona mahali ambapo kumbatio lina mipaka kama pale. Linaanza muziki ukianza, linaachiwa wimbo ukiisha, na tanda ikiisha kila mtu na meza yake. Humfuati mtu kwenye kiti chake, humwombi namba katikati ya wimbo. Ukishikwa kwa nguvu unaruhusiwa kulegeza, na ukiendelea kubanwa unasema ile asante, mapema, na kila mtu ukumbini anajua maana yake. Mwanamke gani ana neno la namna hiyo kwenye kumbi zetu nyingine? Halafu kuna usafi. Wanaume tunabeba shati la pili kwenye mfuko, mimi mawili msimu wa joto. Yupo aliyekuwa akija moja kwa moja kutoka kwenye nyama choma, kitunguu saumu kinamtangulia. Hakuna aliyemwambia kitu. Macho ya wanawake yalihamia kwenye feni wiki tatu mfululizo, ya nne akaja ameoga na ana pipi ya minti.

Ukumbini tunazunguka kwa foleni, kinyume cha saa. Mtu aliyezoea Mnara wa Saa pale mjini, ambako magari yanazunguka kufuata saa, inabidi ageuze akili. Hakuna kuwapita walio mbele, hakuna kukata katikati, hakuna kupiga hatua ndefu ya nyuma usikokuona. Wanaotanua kama bodaboda nawajua hata siku nisipokwenda. Jumatatu naletewa ushahidi kibandani, kiatu kilichotobolewa na kisigino cha mtu.

Sasa, ndugu yangu, tuje kwako. Uliingia saa 2:30 usiku hivi, umependeza, shati la rangi ya maziwa, ukakaa karibu na spika. Usiku ule tulikuwa wanaume 9 na wanawake 16, kwa hiyo mwanaume mgeni ni neema, usidhani hatukukuona. Tanda ilikuwa kwenye wimbo wa pili. Ukainuka, ukakata ukumbi katikati, wawili wakasimama ghafla kukukwepa na wa nyuma yao wakawagonga. Ukafika kwa yule dada. Yeye ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya mchana, ameshavua kiatu kimoja anajikanda kidole gumba. Ukamnyooshea mkono usawa wa uso na kuuacha hapohapo. Meza tatu zikageuka kutazama. Angesema nini? Akasema amechoka.

Hapa nitasema kisichowafurahisha wenzangu. Wimbo wa tatu ulipoanza dada akavaa kiatu, akaenda kucheza na mwingine aliyempa jicho. Kwa adabu ya tango alikosea. Ukishamwambia mtu umechoka, unakaa mpaka tanda iishe, hata akutazame nani. Nilimwambia hivyo usiku uleule tukisubiri bajaji. Akanijibu, "Fundi, nilisema nimechoka kwa sababu sikuachiwa nafasi ya kunyamaza. Sasa na uongo wenyewe nao niutumikie kifungo?" Nimeshona viatu vingi tangu siku hiyo nikitafuta jibu la kumpa. Naona alikosea, na naona ana haki, na sijui la kufanya na hayo mawili.

Kosa kubwa zaidi ni letu wenyeji. Sheria zote hizi nilizozieleza hazijaandikwa popote pale ukumbini. Tulichukua Sh5,000 yako, tukakupa soda, tukakuonyesha kiti, tukakuacha usome yaliyo vichwani mwetu. Wenyeji tunakaa meza moja na tunatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mgeni anaweza kukaa saa 2 nzima macho yake yasikutane na ya mtu yeyote, na huko nako ni kukataliwa, tena kukataliwa kusiko na shahidi, huna hata wa kumlalamikia. Kabeseo haina dawa ya hilo. Na yupo mmoja wetu, mwanaume, sitamtaja na atajijua, anayewasimamisha wanawake katikati ya muziki kuwaelekeza mguu uende wapi. Adabu inakataza, mafunzo yana siku yake, Jumatano. Mara 2 nimeona mwanamke akirudi kwenye kiti amebana midomo, na mmoja wao hakuonekana tena. Huyo hakuandika gazetini.

Jumamosi iliyopita tulikaa tukazungumza. Wenyeji tutatawanyika meza zote. Atakayekuja mara ya kwanza hatalipa kiingilio, na wewe ya kwako ipo kwa mweka hazina, uichukue. Nusu saa kabla ya muziki, mgeni ataonyeshwa kutembea na kuelezwa mambo ya macho na ya asante. Bibi mwalimu mstaafu, yule aliyeinuka siku ya miwani, amejitolea kukaa mlangoni. Anasema amefundisha darasa la kwanza la watoto 90, hatashindwa na wanaume watatu wenye haya.

Bado kitu kimoja. Nilikutazama miguu, unisamehe, ndiyo mazoea. Ulivaa raba nyeupe zenye soli nene ya meno. Hata dada angekubali, mngekwama hatua ya tano. Mpira unashika vigae, mwili unageuka, goti linabaki lilipo, na goti si kitu cha kuchezea. Tafuta kiatu cha ngozi chenye soli bapa, hata cha mtumba. Uniletee, niing'oe hiyo soli, nibandike ngozi ya ng'ombe upande wa nyama, kilale kwenye kalibu usiku mzima gundi ikauke. Ngozi utanunua wewe, ufundi nitausamehe. Njoo siku yoyote isipokuwa Jumamosi mchana, maana siku hiyo nina foleni ya visigino vya akina dada na hutanikuta nimeinua macho.

Wako,
Fundi viatu,
Kilombero, Arusha